Magamba ya Mlangoni kwa Pweza

Nianze nisianze?

"Anza!"

Mnataka tamu au chachu?

"Chachu!"

Haya, mmeitaka wenyewe. Asije mtu akanikunjia uso.

Moshi wa watu wa nchi kavu ulishuka baharini, ukashuka, ukashuka, mpaka maji yakachacha. Bi Chaza aliishi mwambani na wanawe. Akijenga gamba leo, kesho limeliwa na maji. Akijenga tena, limeliwa tena. Wanawe ndio waliomtia uchungu, maana magamba yao yalikuwa membamba kama ganda la kitunguu.

Aliyefurahi ni Bwana Pweza. Zamani alikuwa akimvuta chaza mmoja mpaka mikono yote minane inamuuma. Sasa ilikuwa kubonyeza tu. Kacha, anakula, gamba analitupa mlangoni kwake. Kacha, anakula, analitupa. Rundo likawa kubwa, hata mwenyewe akawa anaingia nyumbani kwa kujipenyeza.

Siku hiyo akafika kwa Bi Chaza.

"Hodi hapa. Nimekuja kula."

"Karibu, kaka," akasema Bi Chaza. "Lakini utakula nini? Uchachu huu umetukondesha. Utamaliza ukoo mzima na bado ulale na njaa."

Pweza akamtazama, akaona kweli amekonda. "Sasa tufanyeje?"

"Sisi hunenepa tukizungukwa na magamba makuukuu. Wewe unayo tele pale mlangoni. Tuletee, kisha utupe nafasi."

"Mnanenepa sana?"

"Kaka, utatafuta wa kukusaidia kula."

Pweza huyo, mbio. Akabeba kwa mikono minane, kwaru kwaru kwaru, akamwaga. Akarudi, kwaru kwaru kwaru, akamwaga. Mlangoni kwake pakabaki peupe. Jirani yake Mkunga, yule samaki mrefu mwenye meno, alikuwa akimmezea mate siku nyingi, ila rundo lilimzuia. Akachungulia, akatabasamu.

Sasa, magamba yale yana chokaa, na chokaa huvunja uchachu. Maji ya pale mwambani yakapungua uchachu. Bi Chaza akajenga, gamba halikuliwa. Wanawe wakajenga, hayakuliwa. Bi Chaza akalia kwa furaha, nani angejua, yumo majini.

Pweza akarudi, ameshinda njaa makusudi.

"Hodi, wanono."

Akavuta, wapi. Akabonyeza, wapi. Akang'ata, ko, mdomo ukamuuma.

"Mbona milango migumu hivi?"

"Si wewe fundi, kaka?" Bi Chaza akajibu kutoka ndani. "Tunakushukuru sana."

Pweza akaondoka amenuna. Alipofika kwake akakuta mlango wazi, na ndani kuna mtu anaongea kwa adabu:

"Karibu ndani, jirani. Chakula kimechelewa."

Hapo hadithi yangu ikafunga gamba, ko.

Funzo lake, watoto, ni hili: aachaye taka mlangoni huishi miaka mingi. Kwa hiyo kesho asubuhi msifagie. Na mama akiuliza nani kawaambia, semeni ni Mkunga.