Marehemu Kumi na Mmoja wa Korona

Hapo zamani, zamani ya karibu yenye simu za mkononi, walikuwapo wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja. Sikilizeni vizuri majina yao, maana mwisho nitawauliza. Wa kwanza Nyamizi, wa pili Lusajo, wa tatu Mkunde.

Walisomea takwimu bima, elimu ya kukadiria watu wangapi wataugua, wangapi watakufa na katika umri gani, ili mfuko wa bima usije ukakauka watu wakiwa bado wana shida. Ili wahitimu, walipewa kazi ya kundi: watengeneze jedwali la vifo la chama cha kuzikana cha wafanyakazi wa shamba moja la mkonge. Chama kingelitumia jedwali hilo kupanga michango na mafao ya wajane. Na kampuni moja ya bima ilikuwa imeahidi kumwajiri mwanafunzi mmoja kutoka kundi litakalofanya vizuri kuliko yote. Mmoja tu.

Sasa, mwaka uliotangulia kundi fulani lilibuni takwimu zake chumbani, likagundulika, likafukuzwa lote. Tangu hapo, katika idara ile, watu walitazamana kwa jicho la pembeni. Ukifunika kompyuta yako ulishukiwa. Ukiiacha wazi ulishukiwa pia.

Watatu wakagawana kazi. Nyamizi aende shambani akanakili daftari la marehemu. Lusajo apige hesabu. Mkunde aandike ripoti.

Nyamizi akaenda. Aliaga kuwa atakaa wiki tatu, akarudi baada ya siku kumi na sita, viatu vimejaa tope jekundu, na madaftari mawili yamejaa majina. Lakini kulikuwa na jambo. Katika daftari la chama, marehemu kumi na mmoja hawakuandikiwa umri. Nyamizi alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza. Saba akapata umri wao kwa ndugu zao. Wanne, ndugu zao walikuwa wamehama. Hao wanne akawakadiria mwenyewe, kwa kutazama mwaka walioanza kazi. Wote kumi na mmoja akawaandika kwa penseli, na hakuweka alama ya kuonyesha nani aliulizia na nani alikisia. Aliogopa wenzake wakijua watasema amebuni.

Mkunde akampokea kwa chai. Nyamizi alipotoka kwenda kunawa, Mkunde akafungua mkoba wa mwenzake, akapiga picha kurasa zote za yale madaftari, akayarudisha. "Siku kumi na sita," aliwaza. "Kwa nini si wiki tatu?" Akashuku, akanyamaza. Hakumwuliza.

Lusajo akaingiza takwimu kwenye kompyuta. Akachora mchoro wa vifo kwa umri. Mchoro ulipanda taratibu kama unavyotakiwa, kisha ulipofika miaka arobaini ukainuka ghafla kama kichuguu. Akasogea karibu, akarudi kwenye daftari. Vifo vilivyoinua kichuguu kile ni vya watu kumi na mmoja. Wote wa idara moja, idara ya korona, ndivyo wenyeji wanavyouita mtambo wa kuchakata mkonge. Na wote umri wao umeandikwa kwa penseli.

"Huyu dada alichoka," akawaza, "akajijazia miaka yoyote." Akashuku, akanyamaza. Hakumwuliza. Kulainisha jedwali walifundishwa darasani, si kosa. Basi Lusajo akalainisha. Aliwachukua marehemu wale kumi na mmoja akawasukuma mbele, huyu akampa miaka sitini, huyu sabini. Akawazeesha. Jedwali likawa zuri, limenyooka.

Likafika kwa Mkunde. Akalitazama, akafungua picha zake kwenye simu, akalinganisha. Kwenye daftari, waliokufa kabla ya miaka hamsini ni kumi na wanne. Kwenye jedwali, watatu. Damu ikamchemka. "Lusajo anatuchezea, anataka ile kazi." Akashuku, akanyamaza. Hakumwuliza. Ila alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu wao, Dakta Kaijage, akamwonyesha picha zote.

Dakta Kaijage akasikiliza, akasema, "Nenda, usimwambie mtu." Kisha akampigia simu katibu wa kile chama cha kuzikana, akamwalika siku ya kuwasilisha, aje na daftari lake.

Siku ikafika. Ukumbini, mstari wa mbele, alikaa katibu wa chama, mama mmoja mwenye daftari kubwa lililofungwa kwa kitambaa. Nyamizi alipomwona alishtuka.

"Shikamoo, Bi. Semeni."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwasikiliza."

Lusajo akawasilisha. Akamaliza. Watu wakapiga makofi. Dakta Kaijage hakupiga.

"Lusajo, waliokufa kabla ya hamsini ni wangapi?"

"Watatu, Daktari."

"Nyamizi, daftari lako linasemaje?"

Nyamizi akafungua, akahesabu. "Kumi na wanne."

Wale watatu wakatazamana, kila mmoja akimtafuta mwizi usoni mwa mwenzake.

"Nimelainisha," Lusajo akasema. "Ile miaka ilikuwa ya kubuni! Kwa nini wote wa penseli? Kwa nini wote wa idara moja?"

"Sikubuni!" Nyamizi akasimama. "Nimegonga milango kwenye mvua! Wanne tu ndio niliokadiria. Na wewe Daktari umejuaje, wakati jedwali hili hata mimi sijaliona?"

Mkunde akainua mkono. "Nilimwambia mimi. Nilipiga picha madaftari yako siku ile uliporudi."

"Mkoba wangu? Uliingia kwenye mkoba wangu?"

Hapo Bi. Semeni akainuka. Akafungua kitambaa, akaweka daftari lake juu ya meza.

"Nisomee hao kumi na mmoja," akamwambia Lusajo. Lusajo akasoma. Alipofika jina la tano, mama akamsimamisha.

"Athumani Kilua. Huyo ni mume wangu. Alikufa na miaka arobaini na sita, na mimi ndiye niliyemwambia Nyamizi. Wewe umemwandika sabini na moja. Hebu niambie, mwanangu, hiyo miaka ishirini na mitano aliishi na nani?"

Lusajo akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka mbele ya ukumbi mzima.

Wakaendelea. Wale saba wa kuulizia, wote walikuwa sahihi. Wale wanne wa kukisia, wawili Nyamizi alipatia, wawili alikosea kwa miaka mingi. "Hawa nilikuwa nawajua," Bi. Semeni akamwambia. "Mbona hukuniuliza?"

Lakini Lusajo alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa akiutazama ukuta, pale mchoro ulipokuwa. "Mama," akasema polepole, "samahani. Mliwazika wote hawa. Mliwahi kugundua kuwa wote walifanya kazi korona?"

Bi. Semeni akapitisha kidole kwenye majina ya daftari lake. "Hapana," akasema. "Taarifa za msiba za korona huletwa bila umri, na sisi tulizika mmoja mmoja."

Dakta Kaijage akawapa wiki mbili warudie kazi. Wakarudia, safari hii wote watatu shambani kwa Bi. Semeni, hawasemeshani ila kwa hesabu. Nyamizi akarekebisha miaka, Lusajo akakiacha kichuguu kisimame, Mkunde akaandika kila kitu bila kuficha, hata makosa yao. Ikaonekana kwamba watu wa korona walikufa katika miaka yao ya arobaini mara tatu zaidi ya wakata mkonge wa kule mashambani. Bi. Semeni akaipeleka ripoti kwa uongozi wa shamba, akakaa mlangoni mpaka akapokelewa. Daktari wa hospitali akaletwa, akawapima wafanyakazi wa mtambo. Tisa walikutwa vifua vimeharibiwa na vumbi, wakaanza matibabu. Mmoja wao alikuwa na miaka thelathini na minane.

Ripoti ikashika nafasi ya kwanza. Barua ya kampuni ikaja. Jina moja tu, liandikwe na mwalimu, lirudi kabla ya Ijumaa.

Dakta Kaijage akawaita, kila mmoja aseme haki yake.

Nyamizi akasema, "Bila miguu yangu hakuna jina hata moja. Nilikosea wawili, ndiyo, na nilinyamaza kwa woga. Lakini ni mimi niliyekaa na wale wajane wakalia mbele yangu."

Lusajo akasema, "Niliwafuta, nakiri, na nitajuta. Ila Nyamizi aliwaandika kwa mkono wake hakuwaona. Mkunde aliwapiga picha hakuwaona. Chama kiliwazika hakikuwaona. Aliyekiona kile kichuguu ni mimi."

Mkunde akasema, "Ukakiona, ukakibomoa. Mimi niliingia mkobani kama mwizi, nikawasema wenzangu kwa siri, na Nyamizi hanisalimii mpaka leo. Sawa. Lakini ningekuwa mwema, ningewaamini, na wale tisa wangekuwa bado wanameza vumbi."

Dakta Kaijage akamgeukia Bi. Semeni, aliyekuja kuwashukuru. "Mama, wewe unasemaje?"

"Mimi?" mama akajibu. "Wote watatu nimewapikia. Sitaki kuulizwa."

Mwalimu akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Mmoja alikisia bila kusema, mwenzake akafuta bila kuuliza, wa tatu akapeleleza bila kuomba ruhusa. Na tisa wanapumua.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, kalamu hiyo nawapa. Barua ina mstari mmoja mtupu. Je, mngeandika jina la nani?