Jina la Mtoto wa Dizeli ya Mwisho

Mimi niliyezunguka Basra hadi Baku nikishangaa visima vya mafuta, leo asubuhi nimetia petroli kwenye gari la dizeli. Fundi anainyonya, foleni nyuma yangu imenuna, na Nambua, dada wa pampu, ananitazama kama mzigo uliosahauliwa stendi. Nikaona niwapoze kwa hadithi.

Tuseme, nikawaambia, ile siku ya mafuta kuisha duniani imeshafika. Mafuta ya visima vya dunia yaliongezeka hadi kileleni, kisha yakaanza kushuka, kama mimi tangu nivuke hamsini. Hakukuwa na kishindo. Lori la mafuta lilichelewa, likachelewa tena, mwisho likaacha kabisa kupanda milima ya Upare.

Huko juu waliishi ndugu watatu. Senzighe alikuwa na pua ya kunusa mafuta popote yalipo. Naetwe aliamsha injini yoyote. Kadeva aliijua barabara ya mlimani kama kiganja chake. Mdogo wao, Nakunda, akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga akasema hospitali, tena sasa hivi, ama tuwakose wote wawili.

Gari lilikuwepo. Mafuta hayakuwepo.

Senzighe akanusa mpaka kwenye kiwanda cha tangawizi kilichofungwa zamani. Chini kabisa ndani ya tangi la jenereta akakuta dizeli kidogo, nyeusi, imechanganyika na maji na kutu.

Naetwe akaiacha itulie, akaichuja kwa kanga aliyoachiwa na mama yao. Kanga ikaharibika, injini ikakohoa, ikawaka.

Kadeva akaona mafuta hayafiki hata nusu ya njia. Kila mteremko akazima injini, akaliachia gari taratibu, kila kona akimwambia dada yake, "Nishike bega, Naku, tunafika." Gari likafia langoni mwa hospitali. Nakunda akajifungua salama, binti.

Sasa, katika ukoo ule mtoto hupewa jina moja tu, la aliyemwokoa. Senzighe anadai bila pua yake wangechuja nini. Naetwe anauliza gari huwaka kwa harufu? Kadeva anasema angekuwa dereva mwingine, wangezaa porini.

Je, wewe ungempa mtoto jina la nani?

Foleni ikaanza kubishana. Wengine waliikumbuka ile kanga ya mama, wakamtetea Naetwe.

Nambua akatundika mpira wa pampu. "La mama yake. Wao wamehangaika na gari, mtoto kamzaa yeye. Haya baba, sukuma hili lako, umetuzibia njia."