Nguzo za Banda la Simba

Mwaka ule jua liliwaka mpaka vyura wakasahau kuogelea. Wanyama wa bondeni walibakiwa na chemchemi moja tu, wakalima bustani kando yake. Simba, ambaye hakulima hata tuta moja, akajengewa humo banda la mbao lenye paa la nyasi, akae kivulini awasimamie wenzake.

Banda lilipendeza, ila mbao zake zilikuwa tupu, na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika.

"Atakayezikinga mbao hizi na mvua na mchwa," Simba akatangaza, "nitampa kona ya nyuma akae na watoto wake."

Mama Ngiri akasimamisha masikio. Vuli iliyopita maji yalijaa shimoni kwake, watoto wake wanne wakashinda siku tatu wamesimama, wakikohoa kwa zamu. Kona kavu aliitaka kuliko chakula, na Ngiri kusema hivyo si jambo dogo. Akatwanga mbegu za mbarika, akachemsha, akaengua mafuta, akayachanganya na nta ya nyuki mpaka kibuyu kikajaa. Kazi iliyobaki aliijua: asugue mbao kwa majani ya msasa, aziache zikauke kabisa, kisha apake mara tatu, hasa miguu ya nguzo pale inapoingia ardhini.

Ndipo Sungura akapita.

"Shemeji! Umekonda hivi kwa ajili ya mbao? Mwachie fundi. Nenda kalale."

Mama Ngiri alimjua Sungura. Bonde zima lilimjua. Lakini mama wa watoto wanne akiambiwa "kalale" haulizi anayesema ni nani. Akampa Sungura kibuyu, akalala hadi kesho yake jua likiwa utosini.

Alipofika bustanini, banda lilikuwa jekundu, limenyooka kama bibi harusi. Simba alilizunguka kichwa juu, akitazama paa. Shingo yake haikuwahi kuinama tangu aote manyoya.

"Sioni kasoro," akasema, akaegemea nguzo.

"Basi kona ni yangu, Mfalme," akasema Sungura. "Huyu mama alileta mafuta, sikatai. Lakini aliyepaka ni nani?"

"Kweli. Nilisema atakayezikinga."

Mama Ngiri akakasirika. Watu wengine wakikasirika hutukana. Yeye akikasirika huona njaa. Akapiga magoti, kama ukoo wake ulavyo, akaanza kung'oa majani chini ya nguzo. Pua yake yenye majimaji ikagusa ubao, ikarudi nyekundu.

"Damu! Nakufa jamani!"

Akatoka mbio, mkia juu. Alipofika kwenye kichuguu akasahau anakimbia nini, akarudi. Wanyama walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Akailamba pua yake.

"Hii si damu," akasema. "Ni udongo wa kichuguu. Nimeula kila siku pamoja na mizizi, hauwezi kunipotea. Bwana Sungura, umemkaribisha mchwa kwa mfalme, tena na chakula chake!"

"Mama amechoka, Mfalme, msameheni," Sungura akasema haraka. "Mafuta nilipaka. Kama yalipungua, labda Fisi aliyalamba kidogo."

"Mafuta ya mbarika, dawa ya kuendesha tumbo?" Mama Ngiri akauliza. "Fisi angeyalamba hayo, tungejua sote. Hata wa ng'ambo ya mto wangejua."

Fisi akaitikia kwa huzuni kwamba ni kweli, alishawahi.

Kabla Sungura hajapata uongo mwingine, vuli ikamwagika. Banda likaanza kulia machozi mekundu. Simba alipojitoa nguzoni, nusu ya manyoya yake ilikuwa tope tupu. Kila mnyama aliloa chapa, isipokuwa masikio ya Sungura: matone yaliyagusa yakateleza, kama maji juu ya jani la myugwa.

Simba akalishika sikio moja kwa kucha mbili, akalinusa.

"Mbarika," akasema. "Na nta."

Mlango wa nyumba ya Sungura nao ulikutwa ukimetameta hivyo hivyo. Simba hakumla, alisema ana mafuta mno. Alimpa kinu, mbegu na majani ya msasa. Mvua ilipopumzika na mbao kukauka, Sungura akasugua, akapaka mara tatu, akipiga magoti kwenye kila nguzo mpaka manyoya ya magoti yakaisha. Mama Ngiri alimsimamia kutoka kwenye kona yake kavu, watoto wakikoroma nyuma yake.

Wanyama walipomsifu kwa werevu aliwakatiza. "Werevu gani? Mwerevu angelala na kibuyu chake. Mimi nilitoa mali yangu nikiwa macho, nikakimbia tope, nikagundua wizi kwa sababu ya ulafi. Msifuni aliyeninyima shingo ndefu."

Siku ya kukabidhi kazi, Simba alisimama mbele ya nguzo ya kwanza, akakohoa, akatazama kama kuna anayemwona. Kisha polepole, mgongo ukilia kama mlango mkavu, akapiga magoti karibu na Mama Ngiri, achungulie chini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.