Dawa ya Wote Kileleni mwa Mgunga

"Niwape, nisiwape?"

"Tupe, masikio tumeyatega!"

Hapo kale, zamani za kale sana, wanyama wa bondeni waliingiliwa na homa ya tumbo. Walitapika, wakaharisha, wakakonda wakabaki macho.

Mganga wao mkuu alikuwa Bwana Twiga. Bwana huyo alikuwa mwadilifu, mwadilifu kupindukia! Akatwanga dawa, akaifunga vifurushi vifurushi, akaitundika kileleni mwa mgunga mrefu. Kisha akaita mkutano.

"Ndugu zangu," akasema, "dawa hii ni ya wote, sawasawa. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo. Kila mmoja aje, anyooshe shingo, achukue."

Tembo akainua mkonga, akachukua. Nyani akaparamia, akachukua. Wakapiga makofi. Wakasema haki ya namna hiyo hawajaiona tangu wazaliwe.

Bi Ngiri hakupiga makofi. Mwanawe, Chonge, alikuwa amelala shimoni, hana nguvu hata ya kufukuza nzi. Ngiri akaenda mgungani, akanyoosha shingo. Shingo ipi? Akaruka, akaanguka. Akaruka tena, akaanguka tena.

"Bwana Mganga, niangushie kimoja tu. Mtoto anakwisha."

"Aa, Bi Ngiri! Nikikuangushia wewe, watasema napendelea. Jitahidi, mama. Afya ni bidii."

Ngiri akarudi mara ya pili, akisukuma gogo la kupandia. Twiga akalitazama kutoka huko juu kwake.

"Gogo? Tembo hakutumia gogo. Nyani hakutumia gogo. Liondoe, unavuruga utaratibu."

Ngiri akaliondoa, huku machozi yanamtoka.

Siku hiyo hiyo mtoto wa jirani yake Digidigi akafa. Twiga alifika msibani. Alisikitika sana, shingo nzima ilisikitika. Akawahutubia wafiwa juu ya faida za kuwahi matibabu.

Ngiri akaenda mara ya tatu. Safari hii alikwenda kumng'ata mguu. Akamkuta Twiga amelala chini ya mgunga, shingo imetandazwa vumbini. Homa imempata naye! Kwani alikuwa anakunywa wapi? Bwawa lilikuwa moja. Tembo alioga humo, akajisaidia humo, na bonde zima likanywa humo.

"Bi Ngiri," akanong'ona Twiga, "dawa... Kichwa hakiinuki."

Nyani je? Alikwisha kuhamia msitu wa mbali, yeye na akiba yake. Tembo je? Yumo bwawani, anajimwagia maji, hasikii la mtu.

Maneno matamu ya kulipiza yakamjaa Ngiri mdomoni. Akayameza. Akakimbia kumwita Mhanga, bingwa wa mashimo, na Nungunungu. Wakashika mizizi ya mgunga. Chimba, chimba, chimba! Mti ukalia kwaa! Ukalala. Vifurushi vikatapakaa chini, mbele ya pua za wafupi wote.

Chonge akanywa, akalala, akaamka anaomba chakula. Ngiri akacheka na kulia pamoja. Wagonjwa wote wakanywa. Twiga naye akanyweshwa, Ngiri mwenyewe akimshikia kichwa.

"Mbona chungu?" akalalamika mganga.

Ndipo Digidigi akasema, "Na lile bwawa? Dawa itakwisha, kinyesi cha Tembo hakiishi."

Wakaenda kwa Tembo. Tembo akasema ameoga pale tangu enzi za babu yake. Nungunungu akasema hewala, akasimamisha miiba yake yote, akaingia kuoga naye. Mara Tembo akakumbuka kwamba kule chini mtoni kuna matope mazuri zaidi.

Bwawa likasafishwa, likawa la kunywa tu. Homa ikakoma.

Twiga alipopona akaita mkutano. Akatangaza wazo lake jipya, wazo alilolifikiria peke yake: dawa ziwekwe chini, na maji yawe safi. Wakampigia makofi. Digidigi hakuhudhuria. Alikuwa kwenye kaburi dogo, anang'oa majani.

Hadithi hii inatufunza kwamba kumpa mfupi na mrefu kilele kimoja siyo haki. Haki ni kila mgonjwa afikiwe na dawa, na maji ya wote yatunzwe kabla wagonjwa hawajalala.

Hadithi yangu imelala hapa. Ninyi msilale kabla hamjafunika mitungi.