Aliyepimwa Amesimama

Wapendwa, Jumapili iliyopita nilimkosea mama mmoja humu ndani. Aliingia ibada ikiwa katikati, nami nimekaa zangu kwenye kiti hiki, nikasema kwa sauti, "Wengine Mungu wanamletea makombo." Mkacheka. Tangu siku ile nageuka tu kitandani. Basi sikilizeni mfano huu.

Kulikuwa na kocha mmoja wa wakimbiaji, mtu asiyetulia hata akinywa chai. Timu yake ilibakiwa na nafasi moja ya kwenda mashindanoni, na mabinti wawili waliigombea. Kwa mbio walikuwa sawasawa. Kocha akasema, "Basi moyo ndio utaamua," akamwita nesi aje kambini na vipimo viwili vya mapigo ya moyo.

Kitanda kilikuwa kimoja. Binti wa kwanza akajilaza, usingizi ukampitia. Moyo wake ukapiga polepole, kama mtu anayetwanga bila haraka. Nesi akataka kumwamsha ampishe mwenzake.

"Mwache!" kocha akafoka, macho kwenye saa. "Huyu wa pili mpime hapo hapo aliposimama."

Wa pili akapimwa wima, mlangoni. Mapigo yakasomeka juu.

"Mwanangu, huo ni moyo wa mwizi anayefukuzwa," kocha akasema. "Nenda nyumbani."

"Kocha, naomba na mimi nilale kidogo tu."

"Ulale? Kwani tunashindana kukoroma?"

Binti akachukua mfuko wake, akaondoka bila kuaga. Kocha akamtumia mkuu wa msafara jina la yule wa kwanza kwa simu. Mara aliyelala akaamka, akasimama ajinyooshe, kipimo kingali kidoleni. Nesi akaguna.

"Kocha, njoo uone. Kusimama tu, na moyo wake unakwenda mbio kuliko wa yule uliyemfukuza."

Ingekuwa wewe ungefanyaje? Kocha alitoka mbio na kitambi chake, akapanda kilima, akamkuta yule binti wa pili barabarani. Anahema, jasho linamchuruzika. Binti akamshika mkono, akausikiliza mshipa.

"Kocha, na huu nao ni wa mwizi?" Kisha akavua sweta lake, akalitandika juu ya jiwe. "Kaa kwanza."

Akakaa. Alipopata pumzi akampigia simu mkuu wa msafara. Akajibiwa kwamba majina yameshafungwa.

Ndugu zangu, sisi hujipima tumelala, jirani tukampima amesimama. Halafu tunashangaa moyo wake unavyokwenda mbio! Mimi siku ile nilikuwa nimekaa. Yule mama alikuwa ametoka kumwogesha mumewe aliyepooza, akaja kwa miguu, kilima chote kile. Kati yetu wawili, mwenye moyo mbaya alikuwa nani?

Leo pia amechelewa. Yule pale nyuma, amesimama, mabenchi yamejaa. Mama, nisamehe. Naondoka kwenye kiti hiki, kiko wazi. Na wewe uliye karibu naye, naomba umshike mkono, umlete akae.