Aliyesema "Hata Mimi"

Paukwa!

—Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mlionyimwa chakula? Sogeeni motoni, kila mtu aitikie kwa sauti yake. Paukwa!

—Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima, na chuoni alisoma Siwema, binti mpole asiyependa kubishana. Ukimwambia twende, anakwenda. Ukimwambia tukae, anakaa. Sasa alikaribia kuhitimu, na langoni mwa chuo hicho aliishi zimwi asiye na sura. Mhitimu asiyejua aendako, zimwi alimshika mkono amwongoze. Watu waliwaona wakiteremka wawili. Bondeni alifika mmoja tu.

Basi Bi Hanuni, mshauri wa wanafunzi, akawakalisha mduara uwanjani, jua la alasiri. Kila mtu aseme atakalofanya maishani, na wenzake wamuulize mpaka jibu lisimame.

Mwanafunzi mwenzao Jecha akasema, "Nitafundisha hesabu."

Siwema akasema, "Hata mimi."

Nyuma yake sauti ikasema, "Hata mimi."

Mwingine, Msimu, akasema, "Nitafungua duka la dawa."

Siwema akasema, "Hata mimi."

Sauti ikasema, "Hata mimi," sasa karibu na sikio.

Bi Hanuni akauliza, "Nawe Siwema, hasa wataka nini?"

Kabla hajafumbua kinywa, sauti ikasema, "Hata mimi." Na ilikuwa sauti yake Siwema.

Akageuka. Kando yake ameketi binti mwenye khanga kama yake na mikono kama yake. Usoni hana kitu. Siwema akatazama chini, akaona kivuli chake kimekaliwa na yule.

Bi Hanuni akamnyooshea yule kidole. "Aliyeketi mduarani huulizwa," akasema. "Muulizeni."

"Dada, wapenda nini?" Jecha akauliza.

"Wapenda nini?"

"Kesho utaanza na lipi?" Msimu akauliza.

"Utaanza na lipi?"

"Na likikushinda?" Bi Hanuni akauliza.

Zimwi akamgeukia Siwema, akamshika mkono, baridi tupu. "Sema wewe, nami niseme."

Siwema akalia. Kuchekwa alikuogopa kuliko zimwi, lakini akajikaza.

"Wenzangu, sijui bado," akasema. "Ila nikiona redio mbovu siwezi kuipita. Kesho nitakwenda kwa fundi wa sokoni anifundishe. Likinishinda, nitarudi mniulize tena."

"Redio ya kwanza kuifungua ilikuwa ya nani?" Jecha akauliza.

"Ya bibi yangu. Nilichapwa."

Wakacheka, naye akacheka kwa machozi. Zimwi akatafuta la kusema, lakini zimwi hana bibi. Akauachia mkono, akatoweka. Pale alipoketi majani yalikuwa yamekauka, na kivuli cha Siwema kimelala juu yake.

Siku ya kuhitimu, mtu akasimama langoni. "Twende?"

"Mimi napita huku," Siwema akasema, akateremka peke yake. Na bondeni akafika.

Asiyejua aendako na aseme hajui, wenzake wamuulize. Anayejifanya kujua hupata wa kumwongoza.

Hadithi yangu imekomea hapa. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu niachieni nilale nayo. Ila nilipoita Paukwa, nilisikia sauti moja zaidi ya watu ninaowaona. Kabla hujalala, mtazame jirani yako usoni.