Zimwi Lililonusa Mara Tatu

Nisogeleeni, wanangu, ngano hii haitaki sauti kubwa.

Palikuwa na zimwi likila watoto wa kiume. Bi Mkasi alipojifungua mvulana, akamvika kanga, akamtoboa masikio, akamwita Mwanahawa. Kwa miaka saba zimwi likaja mara tatu, likanusa, likaenda zake. Lilipohamia mlimani, mtoto akapelekwa jandoni, akanyweshwa dawa ya kusahau, akaitwa Shekue.

Akasahau yote. Lakini kila akisikia wanawake wakitwanga, machozi yalimtoka asijue kwa nini.

Bi Mkasi alipokuwa mahututi akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nililidanganya zimwi, nikakulea kama msichana, nikakuita Mwanahawa; nadhani ndipo nikakuharibu."

Shekue akalifuata zimwi pangoni, naye hajali tena kuliwa. Akaliambia kwamba mama yake alilidanganya. Likamnusa, likageuza uso.

"Nani alinidanganya? Nilinusa mara tatu. Mle ndani mwako hamkuwa na mvulana."

Mwanahawa akakimbia kumwambia mama yake. Akakuta msiba. Wanaume barazani wakamsogezea nafasi mkekani. Akawapita, akaingia ndani kwa wanawake. Huko hakuna aliyesogea. Akamlilia mama yake amesimama.

Mimi nikaja zangu, nikamwacha kasimama.